Kumfuata Mjerumani wa Pennsylvania hadi kijiji alikotoka

Jina Johannes Müller, likiwa peke yake, halimtambulishi mtu. Kwenye orodha za meli zilizotia nanga Philadelphia kati ya 1727 na 1775 wenye jina hilo ni wengi, na karibu kila mmoja leo ana watu wanaoshikilia kwamba ndiye babu yao. Nasaba nyingi za Wajerumani wa Marekani ya kikoloni zimeharibikia hapo. Mtu ana jina la babu, anafungua orodha ya meli, anamwona wa jina lile lile, anamchukua. Kisha anaruka bahari, anatafuta jina hilo katika daftari za makanisa ya Ujerumani, anampata mwingine, naye anamchukua. Watu watatu ambao hawakuwahi kuonana wanageuka kuwa mtu mmoja, na mti wa ukoo unaenea mtandaoni kabla hajatokea wa kuuliza.

Mhamiaji wa wakati huo hutambulika kwa watu waliomzunguka: mkewe, wasimamizi wa ubatizo wa wanawe, jirani aliyepakana naye shamba, shahidi wa wosia wake. Hutambulika pia kwa sahihi yake, kama alijua kuandika. Kazi yote inayofuata ni ya kuwakusanya watu hao na mwandiko huo upande wa Amerika, kabla ya kugusa kitabu chochote cha Ujerumani.

Kaunti kwanza

Kabla ya kutafuta karatasi, jua zilikowekwa. Pennsylvania ilianza na kaunti tatu, Philadelphia, Bucks na Chester. Lancaster ilimegwa kutoka Chester mwaka 1729, York ikatoka Lancaster mwaka 1749, Berks na Northampton zikaundwa mwaka 1752. Kaunti kadhaa ambazo leo zinahesabiwa kuwa kitovu cha Wajerumani hazikuwapo enzi za ukoloni: Montgomery ni ya 1784, Dauphin ya 1785, Lehigh ya 1812, Lebanon ya 1813. Kaunti mpya ikizaliwa, hati za zamani hubaki kwa kaunti mama. Kwa hiyo babu aliyefariki mwaka 1748 mahali ambapo sasa ni Lehigh, mirathi yake itafutwe Bucks. Aliyefariki Lebanon ya leo mwaka 1760, aanziwe Lancaster. Watu wengi wameandika "hakuacha wosia" kwa sababu tu waligonga mlango usio wenyewe.

Wosia wenyewe una mtego. Mjerumani aliandika wosia kwa Kijerumani, ofisi ikautafsiri, na kinachosomwa kitabuni ni tafsiri ya Kiingereza iliyonakiliwa na karani. Sahihi iliyo chini yake ni mwandiko wa karani. Omba jalada la karatasi asilia, maana ndimo ilimo sahihi ya babu kwa mkono wake, na mara nyingi majina ya watoto yako sahihi zaidi humo kuliko kwenye tafsiri.

Kama hakuna wosia, nenda Mahakama ya Yatima. Wengi huipita kwa kudhani ni ya watoto waliofiwa na wazazi wote wawili. Yatima hapa ni mtoto aliyefiwa na baba, hata kama mama yu hai. Mahakama hiyo iliteua walezi, na mtoto aliyetimiza miaka 14 aliweza kumchagua mlezi wake mwenyewe, kwa hiyo neno moja tu la karani linakupa kadirio la umri. Ndiyo pia iliyogawa shamba la aliyekufa bila wosia, na katika mgawanyo huo warithi wote hutajwa, mabinti pamoja na waume zao. Chini ya sheria ya kikoloni ya Pennsylvania mwana wa kwanza alipata mafungu mawili. Ukiona warithi wanane na shamba limegawanywa mafungu tisa, aliyechukua mawili ndiye mkubwa.

Orodha za kodi ni kavu, lakini zina safu moja ya thamani: wanaume waseja walio huru, wenye miaka 21 na zaidi, walitozwa kodi yao peke yao. Zifuate mwaka kwa mwaka. Kijana akitokea kwa mara ya kwanza kwenye safu ya waseja, ametimiza 21 au amemaliza kutumikia mkataba. Akihamia safu ya wenye nyumba, yaelekea ameoa. Akipotea, ama amekufa ama amehama, na kuhama mara nyingi kulikuwa kuelekea kusini, Maryland na bonde la Shenandoah huko Virginia, hadi North Carolina.

Kumbuka pia kwamba wengi walisafiri kwa mkopo na kulipa nauli kwa kutumikia miaka kadhaa kwa aliyewalipia. Pengo la miaka kati ya meli na orodha ya kwanza ya kodi ni jambo la kawaida, halihitaji kuzibwa kwa dhana.

Ardhi, na jirani aliyeandikwa pembeni

Ardhi ya familia ya Penn, wamiliki wa koloni la Pennsylvania, ilipatikana kwa hatua: ombi, waranti ya kuruhusu upimaji, upimaji wenyewe, kisha patenti ya umiliki. Kuanzia 1732 bei ilikuwa pauni 15 na shilingi 10 kwa ekari 100, pamoja na nusu peni kwa kila ekari kila mwaka. Mkulima alilipia waranti, akakaa, akalima, na patenti ikaja miaka 20 au 40 baadaye, pengine kwa jina la mwanawe au la mtu aliyenunua kwa mwanawe. Ukitafuta patenti peke yake utamkosa aliyeanza. Tafuta waranti, kisha fungua mchoro wa mpima. Katika mipaka ya mchoro yameandikwa majina ya majirani. Yanakili yote, hata yale yasiyokuhusu leo, maana kesho mmoja wao atatokea kuwa msimamizi wa ubatizo, na mwezi ujao utamkuta kwenye meli ile ile. Hati hizi ziko kwenye Nyaraka za Jimbo la Pennsylvania, Harrisburg, na sehemu kubwa inasomeka mtandaoni.

Mgeni asiye raia wa Uingereza hakuwa na uhakika wa kuwarithisha wanawe ardhi, ndiyo maana wengi walitafuta uraia. Sheria ya Bunge la Uingereza ya 1740 ilidai miaka 7 ya kuishi makoloni, kiapo, na ushahidi wa kupokea Meza ya Bwana katika kanisa la Kiprotestanti ndani ya miezi 3 iliyotangulia. Kwa hiyo aliyepewa uraia mwaka 1750 alipaswa kuwa amefika kufikia 1743. Kama umemfungia meli ya 1747, una mtu mwingine.

Daftari la ubatizo

Hapa ndipo pa kutumia muda, wala usiharakishe. Ingizo la kawaida lina tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo, jina la mtoto, baba, mama, na wasimamizi. Watafutaji wengi hunakili tano za kwanza na kuwaacha wasimamizi, nao ndio ufunguo. Msimamizi hakuokotwa njiani: alikuwa ndugu wa baba, dada wa mama, au mtu wa kijiji kimoja kutoka Ulaya. Mara nyingi ndiye aliyempa mtoto jina. Tengeneza jedwali la watoto wote wa babu na wasimamizi wao wote, kisha geuza: tafuta ni wapi babu na mkewe wenyewe walisimamia watoto wa wengine. Mtu anayetokea pande zote mbili ni wa karibu sana.

Jina la ukoo la mama likikosekana, huenda limefichwa kwa msimamizi wa kike ambaye bado hajaolewa. Wanawake waliandikwa jina la ukoo kwa mwisho wa -in: Müllerin, Schmidtin, Beckerin. Kiambishi hicho si sehemu ya jina, na ukikiingiza kwenye mashine ya kutafuta hutapata kitu. Neno geborene linatangulia jina la ukoo alilozaliwa nalo mwanamke. Likitokea, lizungushie duara.

Makanisa mengi ya mashambani yalikuwa jengo moja lenye waumini wa aina mbili, Walutheri na Wakalvini, kila upande na daftari lake. Familia yenye mume Mlutheri na mke Mkalvini inaweza kuwa na watoto waliogawanyika kwenye daftari hizo mbili. Wachungaji nao walikuwa wachache na walisafiri mno. John Caspar Stoever, Mlutheri, aliweka daftari lake binafsi la ubatizo na ndoa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1730 hadi alipokaribia kufa mwaka 1779, na humo wamo watu wa maeneo yaliyo mbali sana na nyumbani kwake. Ukikosa ubatizo kwenye kanisa la karibu, tafuta ni mchungaji gani alipita huko mwaka ule.

Madhehebu ya Wamenoni, Waamishi na Wadunkeri hayabatizi watoto wachanga. Kwao hakuna daftari la kutafuta, na mwaka wa kukesha hautalizaa. Tegemea ardhi, mirathi, Biblia za familia na mawe ya makaburi. Wamoravian, dhehebu jingine la Kiprotestanti, wako upande wa pili kabisa: tangu walipoanzisha mji wa Bethlehem, Pennsylvania, mwaka 1741 waliandika karibu kila kitu, na muumini aliacha simulizi ya maisha yake inayotaja alikozaliwa na jinsi alivyovuka. Hata kama ukoo wako haukuwa wa Moravian, huenda babu alipita kwao miaka miwili mitatu, au aliwapeleka watoto shuleni kwao. Inafaa kuuliza.

Vyeti vya ubatizo vilivyopambwa kwa rangi, Taufschein, ni vizuri kutazama na vina manufaa, kwa kuwa kwa kawaida hutaja mama kwa jina alilozaliwa nalo. Lakini vingi vilijazwa miaka mingi baada ya tukio, mtoto akiwa mtu mzima. Tarehe yake ichukuliwe kama kauli ya familia, daftari la kanisa likiwapo lipewe uzito zaidi.

Jina linavyobadilika

Karibu kila mwana alibatizwa Johann na jina la pili, na jina la kuitwa ni hilo la pili. Johann Georg, Johann Adam na Johann Peter wanaweza kuwa ndugu watatu walio hai wote, na kwenye kodi watakuwa George, Adam na Peter. Johannes ni jambo lingine: hilo ndilo jina lenyewe, na mwenye nalo huitwa Johannes au Hans, kisha John. Anayechanganya Johann Georg na Johannes amechanganya ndugu wawili. Mtoto akifa, jina lake lilipewa anayefuata, kwa hiyo ukipata Maria Barbara wawili kwa wazazi wale wale, tafuta kaburi la wa kwanza.

Majina ya ukoo yaliandikwa na karani Mwingereza kwa jinsi alivyosikia. Wajerumani wa kusini-magharibi hawakutofautisha sana B na P, D na T, G na K. Jerg, Jerick na Yerrick ni Georg. Velten na Felty ni Valentin. Stoffel ni Christoph. Dewalt ni Theobald. Huber akawa Hoover, Böhm akawa Beam, Jäger akawa Yeager. Wengine walitafsiri: Zimmermann akawa Carpenter, Schneider akawa Taylor, ingawa ndugu yake alibaki Snyder. Andika mapema orodha ya maumbo yote unayoweza kuwaza, ukiyatamka kwa sauti, kabla ya kuanza kutafuta. Na hakuna ofisa wa bandari aliyembadilishia mtu jina: jina lilisogea lenyewe katika vizazi viwili, na mara nyingi mwenyewe aliendelea kutia sahihi kwa Kijerumani hadi kufa.

Mwandiko wa Kijerumani wa wakati huo, Kurrent, hujifunzwa. Herufi e hufanana na n, u hutambulika kwa kikonyo kilicho juu yake, s ndefu hudhaniwa f au h, na K kubwa huchanganywa na R. Anza kwa kuandika jina la ukoo wako kwa mwandiko huo mara ishirini, mkono utalifundisha jicho.

Meli, hatimaye

Mwaka 1727 serikali ya Pennsylvania iliamuru wanaume wa kigeni wenye miaka 16 na zaidi watie sahihi ya utii wanapofika. Hapo zikaanza orodha ambazo, kwa meli zilizokamilika, ni tatu: ya nahodha, inayojulikana kama A, ya kiapo cha utii, B, na ya kukana madai ya ufalme ya Wastuart, ukoo wa kifalme ulioondolewa Uingereza, C. Orodha ya nahodha iliandikwa na mtu asiyejua Kijerumani, na meli nyingi hazina hata hiyo. Baadhi ya za A zina wanawake, watoto na umri. B na C ni za wanaume wenyewe, wakiandika kwa mkono wao au wakiweka alama, na karani akiandika jina kuzunguka alama hiyo. Wagonjwa walioshindwa kushuka wanaweza kukosekana kwenye sahihi na kuwepo kwenye A.

Orodha hizi zilichapwa mwaka 1934 na Strassburger na Hinke kwa juzuu tatu. Juzuu ya pili ni picha za sahihi zenyewe, na ndiyo unayoihitaji. Toleo la baadaye la juzuu mbili liliiacha nje. Chukua sahihi ya babu kutoka hati ya shamba au ombi la mahakamani akiwa bado na nguvu, uiweke kando ya sahihi ya kila mwenye jina lake kwenye meli. Tazama anavyoanza herufi ya kwanza, anavyofupisha Johann, na mkia wa mwisho. Sahihi ya wosia wa mtu mahututi haifai kulinganishwa. Kama babu aliweka alama tu na wa melini aliandika kwa ufasaha, huyo si wake, isipokuwa ugonjwa au uzee uwe umemnyang'anya mkono.

Kisha soma waliotia sahihi juu na chini yake. Watu wa kijiji kimoja walisafiri pamoja na kusimama foleni pamoja. Ukiwakuta hapo majirani wa mchoro wa mpima na wasimamizi wa ubatizo, sasa una meli.

Aliyekuja kabla ya 1727 hayumo. Waliotoka mji wa Krefeld, Ujerumani, walifika na kuanzisha Germantown, karibu na Philadelphia, mwaka 1683. Walioondoka Palatinate, eneo la kusini-magharibi mwa Ujerumani, mwaka 1709 walikaa London kwanza, na wapatao 3,000 wakapelekwa New York mwaka 1710; kwao rejea ni madaftari ya posho ya gavana Robert Hunter, yanayohesabu kila familia waliozidi miaka 10 na walio chini yake. Baadhi yao walihamia Tulpehocken, Pennsylvania, kuanzia 1723, na vizazi vyao hutafutwa bila mafanikio kwenye meli za Philadelphia.

Tarehe

Hadi 1752 makoloni ya Uingereza yalifuata kalenda ya Julian na mwaka ulianza tarehe 25 Machi. Tarehe 2 Septemba 1752 ilifuatwa na tarehe 14. Majimbo ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalikuwa yameshabadilisha mwaka 1700. Siku 11 za tofauti kati ya jiwe la kaburi na daftari la ubatizo si ushahidi wa watu wawili, hasa pale jiwe linapotaja umri kwa miaka, miezi na siku, na wewe umetoa hesabu ukivuka 1752. Tarehe ya Februari 1739 inaweza kuwa 1740 kwa hesabu ya leo. Inakili kama ilivyoandikwa, ukiweka 1739/40.

Kijiji

"Palatine" kwa Mwingereza ilimaanisha Mjerumani yeyote, akiwemo Mswisi, mtu wa Württemberg, Hesse au Alsace. Usilichukulie kama anwani. Kijiji hutoka kwenye jiwe la kaburi, daftari la mazishi la mchungaji aliyejali, simulizi ya Kimoravian, tangazo la kumtafuta ndugu kwenye gazeti la Christoph Saur lililoanza Germantown mwaka 1739, au kwa msimamizi wa ubatizo ambaye asili yake imeshajulikana. Hii ya mwisho hufanya kazi mara nyingi kuliko watu wanavyotarajia: kama wenzake watatu wametoka parokia moja, anza na parokia hiyo na vijiji vinavyoizunguka.

Daftari za Kiprotestanti ziko nyingi kwenye tovuti ya Archion, kwa malipo. Za Kikatoliki ziko kwenye tovuti ya Matricula, bila malipo. Katika maeneo mengi daftari zilizotangulia Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, zimepotea, na vita vya 1688 hadi 1697 viliteketeza nyingine za Palatinate. Baada ya 1648 Waswisi wengi walihamia Palatinate na eneo jirani la Kraichgau kujaza vijiji vilivyobaki vitupu, kwa hiyo ukoo unaoonekana kuibuka ghafla mwaka 1660 utafutwe Zürich au Bern. Aliyekuwa mtwana chini ya bwana wake alipaswa kununua ruhusa ya kuondoka na kuacha sehemu ya mali yake kama kodi. Hati hizo za kuachiwa huru hutaja mke, watoto na mara nyingine neno Pennsylvania lenyewe.

Safari ilianza Mei, wiki kadhaa kwenye mto Rhine hadi Rotterdam, kituo cha lazima katika bandari ya Uingereza kama Cowes, kisha bahari, na meli nyingi zilifika kati ya Agosti na Novemba. Mtoto aliyebatizwa kijijini Machi 1749 na baba akatia sahihi Philadelphia Septemba mwaka huo, sawa. Mtoto aliyebatizwa huko Julai baba akiwapo, haiwezekani baba huyo awe melini.

Ukimpata anayefanana, jaribu kumkataa. Soma daftari la mazishi la kijiji hicho kwa miaka 50 mbele, na la ubatizo kwa miaka 20 baada ya meli. Kama alizikwa huko mwaka 1763, au mkewe alizaa mtoto mwingine huko mwaka 1755, mwachie kaburi lake na urudi kwa majirani. Kama yeye, mkewe na watoto walio hai wote wanatoweka mwaka ule ule, na watoto waliokufa kabla ya safari hawatokei tena Amerika, na angalau msimamizi mmoja wa kijijini anaonekana tena kwenye daftari la Pennsylvania, mwandike, ukitaja kila ukurasa ulioutumia na kila mwenye jina lake uliyemkataa pamoja na sababu.